Kausha damu: usichukue mkopo wa pili "kufunga" wa kwanza, hesabu hii hapa

Dada, umeeleza vizuri, nianze kwa kurudia kwa kifupi ili wanaosoma wasipotee. Unauza nyanya na vitunguu Kilombero, Arusha. Mtaji wako ulikuwa 60,000. Ukachukua mkopo wa kausha damu (ule wa haraka, riba kubwa, marejesho ya kila siku) wa 200,000, wakakata fomu 10,000 na "bima" 5,000, mkononi zikafika 185,000. Mwenye nyumba akabeba 105,000 (miezi mitatu), 80,000 ikaingia kwenye mzigo. Marejesho ni 8,000 kila siku kwa siku 30, Jumapili ikiwemo. Leo umelipa siku 12, na afisa mkopo anakwambia uchukue 300,000 ufunge deni la zamani.

Usichukue.

Tuanze na huo wa 300,000, maana ndio wenye haraka. Deni lililobaki ni siku 18 mara 8,000, yaani 144,000. Hiyo wanaikata juu kwa juu. Fomu mpya 15,000. Unapewa 141,000. Marejesho yanapanda hadi 12,000 kwa siku, jumla 360,000. Kwa hiyo ili upate 141,000 mpya, deni lako linatoka 144,000 na kuwa 360,000. Limeongezeka 216,000. Umelipia elfu 75 kwa pesa isiyofika laki na nusu. Ubaya zaidi ni kwamba ndani ya ile 144,000 kuna riba ya siku ambazo hazijafika bado. Wanaikata leo kama vile umeshakaa na hela yao, halafu wanaitoza riba tena ndani ya mkopo mpya. Afisa anakusukuma kwa sababu anapimwa kwa mikopo anayotoa na makusanyo. Ukifunga kwa mkopo mpya, kwenye daftari lake wewe ni mteja mzuri.

Na huo wa kwanza, watu wanasema riba yake ni asilimia 20 kwa sababu 200,000 inarudi 240,000. Sivyo. Umepokea 185,000 na unarudisha 240,000, tofauti ni 55,000. Tena unaanza kurudisha kesho yake, kwa hiyo hela yao unayokuwa nayo kwa wastani wa mwezi mzima ni kama laki moja tu. Elfu 55 juu ya laki moja kwa mwezi mmoja ni zaidi ya nusu. Kikomo cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, hawa wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye 200,000 hiyo ni 7,000.

Lakini riba peke yake siyo inayokumaliza. Kinachokumaliza ni marejesho ya kila siku juu ya biashara isiyoingiza kila siku. Kwa namba zako mwenyewe: mauzo 60,000, mzigo wake 42,000, faida ghafi 18,000. Ushuru, guta, mifuko na chakula cha mchana 5,000. Nyumbani unga, mafuta, mkaa na mboga 7,000. Inabaki 6,000. Rejesho ni 8,000. Kila siku ya kazi unachomoa 2,000 kwenye mtaji, na Jumapili usipofungua unachomoa 15,000 (rejesho na chakula). Kwa siku 30 zenye Jumapili nne: 52,000 na 60,000, jumla 112,000. Mzigo wako ulianza na 140,000. Siku ya mwisho unabaki na 28,000, chini ya nusu ya ulichokuwa nacho kabla hujakopa.

Na hapo tumefanya kama faida haibadiliki, kumbe inashuka. Mtaji ukipungua huwezi tena kununua tenga zima la nyanya za Ngarenanyuki, unaanza kununua sado sado kwa mwenzako wa meza ya pili, na faida ya tenga anabaki nayo yeye. Masika ndiyo mbaya kabisa: mvua na magonjwa ya ukungu vinaharibu mashamba, bei ya tenga inapanda, hela ileile inaleta mzigo mdogo, na nyanya zinaoza mapema. Ndiyo maana wengi wanaanguka Aprili na kudhani wamerogwa.

Sasa la kufanya. Una 6,000 siku sita, ni 36,000 kwa wiki. Toa chakula cha Jumapili 7,000, unabaki na 29,000. Hicho ndicho kipimo chako, na rejesho lisizidi hapo. Nenda ofisini kwao (siyo kwa afisa anayekuja mezani, huyo hana mamlaka) na ombi la maandishi: 4,000 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Ni 24,000 kwa wiki, na 144,000 inaisha kwa wiki sita kamili. Unabaki na 5,000 kila wiki, irudishe kwenye mzigo. Sisitiza iandikwe kwamba faini ya kuchelewa haitahesabiwa wakati wa mpango huo. Bila sentensi hiyo, faini za kila siku zitakula kila unacholipa na deni litasimama palepale.

Nenda asubuhi ukiwa na rejesho la siku hiyo mkononi. Mtu asiyekimbia anasikilizwa. Omba vitu vitatu: nakala ya mkataba, taarifa ya ulicholipa, na namba ya leseni yao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji wa namna hii awe na leseni ya Benki Kuu. Wakianza kubabaika kwenye leseni, mazungumzo ya elfu 4 yanakuwa mepesi sana. Wakigoma, andika malalamiko kwao kwanza na ubaki na nakala yenye muhuri, kisha upeleke Benki Kuu. Tawi liko hapa hapa Arusha mjini.

Kuanzia leo lipa kwa simu, kwa namba ya ofisi, ubaki na ujumbe. Fedha taslimu bila risiti mezani ndiyo chanzo cha nusu ya migogoro hii, afisa akihamishwa na daftari linahama naye. Kama wanashikilia kitambulisho chako halisi, kidai kirudi, nakala inawatosha. Wakija kubeba TV au mtungi wa gesi, mwite mwenyekiti wa mtaa kabla kitu hakijatoka mlangoni, na kila kitu kiandikwe.

Upande wa mzigo, katika wiki hizi sita tafuta mali kauli, yaani mzigo unaopewa sasa na kuulipia ukishauza. Usiombe tenga tatu siku ya kwanza. Omba moja kwa mtu unayenunua kwake siku zote, mlipe jioni ileile, hata kama imebaki robo haijauzika. Tenganisha mara tu tenga linapofunguliwa: zilizoiva sana ziuze kabla ya saa sita, ngumu zisubiri kesho, zilizopasuka mpe mama ntilie kwa bei ya chini siku hiyohiyo. Jumatano na Jumamosi soko la Tengeru linajaa, bei ya jumla hapo unaweza kuilinganisha na ya Kilombero, ila piga hesabu ya nauli na guta kwanza; kwa tenga moja hailipi.

Kuhusu kodi, kwa kweli ndiyo iliyokupeleka kwa hawa. Zungumza na mwenye nyumba mapema ulipe kwa mwezi. Wengine wanakubali kwa nyongeza ya elfu mbili tatu, na hiyo bado ni nafuu mara nyingi kuliko kausha damu.

Mkopo wa halmashauri uliouliza (asilimia 10 ya mapato ya ndani: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2) hauna riba, na ulirejeshwa 2024 baada ya kusimama 2023. Unahitaji kikundi na unapitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Unachukua muda, hautakuokoa mwezi huu, lakini anza kutafuta wenzako sasa. Chagua wenye meza sokoni unaowaona kila siku, siyo ndugu.

Wakikujibu kuhusu ile 4,000, weka hapa majibu na ukurasa wa mkataba wenye faini, funika majina. Tutaisoma pamoja.