Re: Mdogo wangu kapata kazi ya kupima mionzi kwenye mabomba ya gesi, akubali?

Mkuu, hilo ulilosikia kwamba mionzi inamaliza nguvu za kiume ni maneno ya kijiweni. Sheria inamruhusu mfanyakazi wa mionzi wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka, na mbegu za kiume huanza kupungua kwa muda kwenye kama 100 za mpigo mmoja. Akifuata utaratibu hafiki huko.

Huku Mtwara hatuna kinu cha nyuklia. Atakuwa na kikosi cha kupiga picha viungo vilivyochomelewa, ndiyo kazi ya mabomba. Chanzo cha iridiamu-192, yaani kipande kidogo cha metali inayotoa mionzi, kinasukumwa kwa kebo kutoka kwenye chombo chake kizito mpaka kwenye kiungo, filamu imefungwa upande wa pili, halafu kinarudishwa. Hapo ndipo penye hatari. Kebo ikikwama na mtu akasogea akidhani kimerudi, anaungua mikono bila kusikia joto lolote. Kwa hiyo mita ya kupima mionzi inatangulia, imewashwa, imejaribiwa kabla ya kutoka kambini, kila baada ya picha. Hata saa nane usiku, mbu wa Madimba wakimla na fundi akimharakisha.

Umbali nao ni kinga: umbali wake na chanzo ukiwa mara mbili, mionzi inabaki robo.

Beji ya mionzi atakayovaa kifuani haizuii kitu, inaandika tu alichopokea. Kabla hajasaini aulize kampuni ina leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na beji inasomwa wapi. Wakibabaika, arudi zake kwenye korosho.