Maswali ya wasomaji: Hadithi imekwama ukurasa wa kwanza

SWALI: Ndugu wahariri, ninaandika hadithi ya mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, katika soko la Kadutu. Tangu mwezi wa pili ninarudia ukurasa wa kwanza tu. Leo ninausahihisha, kesho unanichukiza. Watu wananiambia nivute subira. Subira gani tena?
Msomaji wa kike, Bukavu

JIBU: Dada yetu, subira unayo, ila umeiweka mahali pasipo pake. Ukurasa wa kwanza haukamiliki kwa sababu hujajua hadithi inaishia wapi. Mara nyingi mwanzo unaofaa huonekana baada ya mwisho kuandikwa. Tena ukurasa uliohangaika nao miezi mingi utauonea huruma kuufuta, hata siku hadithi itakapokuwa haiuhitaji.

Chukua kaye, yaani daftari, uandike upande wa kulia peke yake. Wa kushoto ubaki mtupu kwa masahihisho. Hapa Bukavu kaye ina faida nyingine: umeme ukikatika, kazi haisimami. Jiwekee maneno 200 kwa siku, siku tano kwa juma. Kwa mwendo huo hadithi ya maneno 3,000 inafika mwisho kwa majuma matatu. Ya jana usiyasome, isipokuwa mistari mitano ya mwisho ili ushike uzi. Ukikumbuka kosa, liandike upande wa kushoto, uendelee mbele. Wala usingoje kuishiwa ndipo uache. Acha ungali unajua kinachofuata, ukiandike kwa ufupi: “mteja anarudisha samaki”. Kesho utaanza bila kuhangaika.

Ukimaliza, funga kaye majuma matatu au manne, na usimpe mtu asome. Hapa ndipo subira inapohitajika kweli, na hapa ndipo wengi wanaharakisha. Ukisahihisha rasimu ikiwa bado ya moto, jicho linasoma ulichokusudia, si ulichoandika. Neno lililosahauliwa hulioni, wala pengo kati ya matukio mawili. Siku hizo nenda sokoni usikilize: mama anamjibu nini mteja anayeshusha bei sana? Jioni, sambaza zilizobaki anazifanyaje? Andika maneno yenyewe kama yalivyosemwa.

Kusahihisha kuna mizunguko miwili, na ni kosa kuichanganya. Kwanza matukio: nikiondoa hili, kuna lingine litakaloanguka? Kama hakuna, lifute. Ndipo zije sentensi, na hizo zisomwe kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, piga mstari. Anayeanza na sentensi anapamba aya ambayo atakuja kuifuta.

Tuseme umeandika: “Mama alikuwa na wasiwasi sana.” Msomaji ameambiwa, hajaona. Jaribu: “Mama alihesabu franka zake mara mbili, akazifunga tena kwenye pindo la kitenge.” Sasa wasiwasi upo, na neno lenyewe halimo. Sentensi ya namna hii ni nadra kuja katika rasimu ya kwanza, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta huko.

SWALI: Shindano la hadithi fupi linafungwa baada ya siku 10. Rasimu yangu nimeimaliza jana. Niitume hivi hivi?
Msomaji wa Bagira

JIBU: Hapana, ndugu. Siku 10 ni chache, lakini zinagawanyika: nne usiiguse kabisa, tatu za matukio, mbili za kusoma kwa sauti, na ya mwisho ni ya kunakili safi na kuituma. Siku hiyo ya mwisho usibadilishe kitu. Mabadiliko ya dakika za mwisho ndiyo yanayoacha mhusika mwenye majina mawili, au mvua inayonyesha katika ukurasa ambao tayari umeshasema ni kiangazi.