Jibu: Mcheza kriketi aliyegeuka mchapishaji

Mkuu, umeuliza kama yupo mcheza kriketi wa kulipwa aliyeishia kwenye uchapishaji, kama wa gazeti. Yupo John Wisden wa Sussex, Uingereza, ingawa yeye hakutoa gazeti bali kitabu cha kila mwaka kuhusu kriketi. Alikuwa mfupi, lakini urushaji wake ulitisha: mwaka 1850 pale Lord's, uwanja wa kriketi wa London, aliwatoa wapigaji 10 wa awamu moja, wote kwa mpira kugonga vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji, hakuna hata mmoja aliyetoka kwa mpira wake kudakwa!

Alistaafu 1863, na mwaka uliofuata akatoa toleo la kwanza, kurasa 112, bei shilingi moja ya Uingereza. Humo aliweka hadi urefu wa mifereji ya Uingereza. Nadhani alikuwa anajazia kurasa tu. Kitabu hicho kinatoka mpaka leo.