Jenetiki ya mwaka wa tatu, niichukue au niiache?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko chuo hapa Dar, naingia mwaka wa tatu baiolojia, kuna opsheni ya jenetiki ya molekuli naitaka ila wananichanganya, mmoja anasema mserereko tu haina hesabu, mwingine aliyekamatwa kwenye mtihani anasema kaa nayo mbali. Mwaka wa pili jenetiki nilipata B, kusema kweli nilikariri desa (notsi za kupeana). Nimsikilize nani? (Binti wa Mabibo)

JIBU: Marahaba binti. Usimsikilize hata mmoja, nenda kaombe pasti pepa za miaka mitatu uangalie kitu kimoja tu, maswali yanaanzaje. Yakiwa ya "taja" na "eleza" desa lako litakuvusha, yakiwa ya "itakuwaje kama" hapo kuna kazi.

Chukua operoni ya lac, yaani kundi la jini za kumeng'enya laktosi (sukari ya maziwa) zinazowashwa na kuzimwa pamoja, hiyo haikosekani. Desa linasema bakteria E. coli akikosa laktosi, protini ya kizuizi inakaa kwenye DNA inaziba njia, laktosi ikija inaachia, jini zinasomwa. Sawa. Sasa mtihani unakuja hivi: jini ya kizuizi imeharibika, vimeng'enya vinatengenezwa muda wote, tukimwongezea plasmidi (kiduara cha DNA cha pembeni) yenye jini nzima atatulia, yaani ataacha kuvitengeneza ovyo? Anatulia, kizuizi ni protini, kinaelea kinafika popote. Haya, ikiharibika ile sehemu kinapokaa, ukaleta nzima kwenye plasmidi? Hatulii ng'o, ile ni kipande cha DNA, kinahudumia DNA kiliyomo tu. Kama umesoma hapo ukasema aah kumbe, jisajili. Kama umerudia mara tatu bado giza, tatizo ni ile B, tumia likizo kurudi kwenye jenetiki ya mwaka wa pili kwanza.

Na sikucheki, mi mwenyewe baiokemia nilikula sapu (mtihani wa marudio) hivyohivyo, mzunguko wa Krebs, ile njia ya seli kupata nishati, nimeukariri kama wimbo, swali likaja wamezuia kimeng'enya kimoja katikati, kalamu ikagoma.

Huyo wa "haina hesabu" muulize PCR, ile njia ya kunakili DNA maabara, kila raundi DNA inakuwa mara mbili, raundi 30 nakala moja inapita bilioni 1, na utatakiwa uonyeshe njia.

Halafu cheki ratiba. Masaa ya praktikali yaliyoandikwa usiyaamini, jeli ya kutenganisha vipande vya DNA kwa umeme inatembea kwa mwendo wake na umeme ukikatika katikati mnaweza kuanza upya, kwa hiyo usiibebe semista moja na kozi nyingine yenye maabara jioni hiyohiyo.