Usimwite Fundi Mvivu Kabla Hujakalia Stuli Yake

Juzi kaka mmoja mwenye ofisi ya ushonaji Mwanza kaniandikia: "Dada, mafundi wangu ikifika saa nane mchana wanalegea. Niwafukuze?" Swali lile limenigusa, maana nami niliwahi kuitwa mvivu, tena mbele ya wenzangu.

Nilikuwa kiwandani, nashona suruali. Cherehani zilikuwa za umeme, nzuri, lakini tulikalia stuli za mbao zisizo na egemeo, zote kimo kimoja, uwe mrefu uwe mfupi. Vipande vilivyokatwa vilirundikwa sakafuni. Kila suruali niiname, nijipinde, niinuke. Mchana kiuno kinawaka na mshono unakwenda upande. Msimamizi aliuona mshono tu. "Wewe huna moyo wa kazi." Maneno yale hayajanitoka hadi leo.

Mwezi huu ofisi yangu hapa Dar imepewa tena oda ya sare za shule, kwa sababu mara ya kwanza hatukurudishiwa nguo hata moja. Najivunia, na najua tulipoanzia: kwenye viti. Kila fundi ana kiti chenye egemeo, kinachopanda na kushuka, na mguu wake unafika kwenye pedali bila kujinyoosha. Vipande vinakaa kwenye kimeza pembeni, mkono unapofika. Mkataji anasimama, kwa hiyo meza yake inatakiwa iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Wetu ni mrefu, seremala akaiongezea miguu. Jora la kitambaa wanabeba wawili. Wataalamu wa NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini kule Marekani, waliweka kikomo cha kilo 23 hata pale unaponyanyua mzigo katika hali nzuri kabisa, na kuna majora yanayozidi hapo. Aliyeshona asubuhi, jioni anapiga pasi au kukagua, ili misuli ileile isiteswe kutwa.

Mabosi wenzangu, mnanunua overloki mpya, cherehani ya kufunga kingo za nguo, halafu mnamnyima fundi kiti! Mnafumua nguo kila jioni, mnalipa uzi mara mbili, kisha mnalaumu tabia ya mtu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003. Msisubiri mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali yetu unaosimamia sheria hiyo, agonge mlango.

Kaka wa Mwanza, usimfukuze mtu. Kesho kalia stuli yake wewe mwenyewe, shona tangu asubuhi hadi hiyo saa nane, kisha umwite seremala.