Dogo wa safari ya kwanza Kigoma, hiyo hela ya bluetooth irudishe mfukoni

Asee dogo weka chini hiyo hela kwanza. Umeandika umepewa semi, safari ya kwanza Dar kwenda Kigoma na saruji, unauliza holda gani inashika vizuri kwenye kioo cha mbele, hedfoni gani za bluetooth zinakaa na chaji, upite Itigi au uzungukie Singida na Nzega, matairi ya tela uyaangalieje na posho ya ruti hiyo ikoje. Wadau hapo juu wameshakujibu kwamba chukua ile ya sikio moja, mikono yote miwili inabaki kwenye usukani, macho barabarani, bosi anaongea, tatizo liko wapi. Hayo maneno nayajua. Mimi niliambiwa hivohivo yadi Dar, na yamenigharimu kiwanja.

Nilikuwa nayo hiyo bluetooth, sikio la kushoto, nzuri kweli, haikwaruzi wala nini. Mikono miwili kwenye usukani. Spidi 80 ile ya kisheria ya gari kubwa, sikuwa nakimbia, sikuwa nimelewa, nililala vizuri Tabora na asubuhi nikanywa supu. Nasema haya maana kila nikihadithia lazima atokee mtu aulize ulikuwa umelala? Sikulala. Nilikuwa macho kuliko wewe unayesoma hapa.

Sasa upande ule ukishapita Urambo unaelekea Kaliua kwenda mbele, kuna vipande mtandao unapotea, simu inakuwa kama haipo, unakaa kwa amani na miombo yako kulia na kushoto. Shida ni ukirudi. Ukirudi tu inaanza, meseji, voisi noti, missed call, grupu la madereva, grupu la harusi ya mtu humjui, zote zinamwagika kwa mpigo, na mtu wa ofisini ambaye amekukosa muda wote huo anakuwa ameshakasirika. Ndo kilichotokea. Ikaita, nikabonyeza sikioni, jamaa wa opareshini huyo, salamu hakuna, "upo wapi?"

Gari ina GPS! Kompyuta iko mbele yake, kidoti kinatembea, anaona mpaka nikisimama kukojoa, afu ananiuliza mimi nipo wapi. Nikamwambia nimepita Urambo nipo barabarani mkuu nitakupigia nikipaki Kaliua, akanijibu "si una bluetooth?" Nikaishiwa. Akaanza, mbona mafuta ya Dodoma yamezidi, uliingiza lita ngapi, ulivotoka Dar ulikuwa na ngapi, mzani wa Nala pale Dodoma ulisoma ngapi, nitajie. Na mimi kwa ujinga wa kutaka kuonekana mtu wa kueleweka nikaanza kupiga hesabu kichwani, lita za Dar toa zile za mpaka Dodoma jumlisha za Dodoma.

Hapo ndo pa kusoma taratibu dogo. Macho yangu yalikuwa yanatazama mbele. Naapa. Barabara imenyooka, jua lipo, hakuna vumbi, hakuna kona. Ila mimi sikuwepo pale, nilikuwa Dodoma kwenye pampu nasoma lita. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka kutoka kushoto, siyo kwamba limeruka ghafla porini, limeshaanza kuvuka zamani, na sikuliona. Utingo wangu aliliona toka mbali. Baadaye hospitali aliniambia alinyamaza maana alijua na mimi nawaona, nilikuwa nawatazama kabisa! Alipoona mguu wangu hautoki kwenye mafuta ndo akapiga kelele "suka (dereva yaani), ng'ombe!"

Tani 30 za saruji hazisimami kwa sababu we umeshtuka. Breki zenyewe za upepo, ukikanyaga kuna kamuda kabla hazijashika. Nikakanyaga yote, nikavuta usukani kulia, na hapo kila dereva anayesoma ameshajua mwisho wake, kichwa kikatii na tela likaamua mambo yake. Tukalala ubavu wa kushoto. Mimi nimening'inia kwenye mkanda juu, utingo yuko chini kabanwa na mlango, glovu boksi imefunguka nyaraka zote zinamwagikia usoni mwake, vumbi la saruji limejaa kebini, na sikioni kwangu kidude bado kinaongea, safi kabisa, hakijakata hata sekunde: "Haloo? Haloo? Kwa hiyo lita ngapi?"

Ndo ubora wa bluetooth huo, kama ulikuwa unauliza inashika vizuri.

Utingo alivunjika mkono. Mtoto aliyekuwa anachunga alikuwa nyuma ya kundi, Mungu anajua mwenyewe kwa nini. Ng'ombe wanne walikufa palepale. Mwenye ng'ombe akaja mdogo mdogo na fimbo yake, mzee wa watu, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza umeumia? Nikasema hapana mzee. Akasema tumshukuru Mungu. Afu akaanza kuhesabu ng'ombe. Jioni mvua ya upande ule unaijua, turubai limechanika, mifuko imetapakaa mtaroni, asubuhi ile saruji yote imeshakuwa mawe. Ningekuwa bado na kiwanja ningesomba nikaweke msingi.

Kiwanja kilikuwa Ipuli hapa Tabora, nimekinunua kwa mileji, zile posho za safari, za miaka. Kikaenda kwenye ng'ombe, kwenye mkono wa utingo (bosi alisema utingo ni wa kwangu siyo wa kampuni, kumbe anapokula nusu ya posho yangu alikuwa wangu kweli), na kwenye kula maana kesi ya kuendesha kwa uzembe haikulishi. Na uzembe sikatai. Ila ngoja nikwambie kilichoniuma kuliko kiwanja. Kwenye maelezo, yule yule jamaa wa opareshini aliandika kwamba kampuni haijawahi kumruhusu dereva kuongea na simu akiwa anaendesha. Haijawahi! Rekodi ya simu yangu imejaa namba yake tupu, ananipigia mara nyingi kuliko mke wangu, afu hajawahi. Na yule mzee wa yadi aliyeniambia nunua hii mwanangu, sikio moja, utafika Kigoma unapiga stori na mama watoto, nilipomuona tena alinipa pole akaniuliza ile bluetooth bado unayo, kama huitumii nimuuzie yeye. Nimecheka mwenyewe. Nimemuuzia.

Nilivokuwa nimekaa nyumbani sina gari ndo nikaanza kusoma haya mambo, maana nilitaka kujua kama mimi ni mjinga peke yangu. Kumbe hapana. Wenzetu Marekani dereva wa lori kushika simu mkononi marufuku toka Januari 2012, sheria ilipoanza faini ukikamatwa ilikuwa mpaka dola 2,750 za kwako, na kampuni ikikuruhusu au ikikulazimisha ilikuwa inapigwa mpaka dola 11,000. Soma hapo tena, kampuni. Sio hii ya kwetu ofisi inapiga simu, dereva anakula kesi. Lakini hata hao hedfoni wameziruhusu, na hiyo ndo sababu watu wanadhani zina usalama fulani. Watafiti wa chuo kikuu cha Utah walishawapima watu kwenye mashine ya kuigiza udereva, matokeo yakatoka 2006, waliokuwa wanaongea na simu walikuwa wabovu sawa na waliolewa mpaka kile kiwango cha kukatazwa kuendesha, na aliyeshika mkononi na aliyeweka sikioni hawakupishana. Tatizo siyo mkono, ni kichwa kwenda kwingine. Kwa hiyo atakayekuja hapa kunijibu "mimi natumia miaka yote sijawahi kupata ajali", sawa kaka, na mimi nilikuwa nasema hivo mpaka ile asubuhi.

Kuandika meseji ndo sitaki hata kuongelea ila niseme tu. Virginia Tech walifunga kamera kwenye malori huko huko Marekani, wakakuta dereva anayeandika meseji anatoa macho barabarani sekunde 4.6 katika kila sekunde 6, na hatari yake ya kupata ajali au kuiponea chupuchupu inapanda mara 23. Sasa piga hesabu kwa spidi yetu, 80 ni mita 22 kila sekunde. Ni sawa na kutoka goli mpaka goli pale uwanja wa Ali Hassan Mwinyi umefumba macho, na tela nyuma.

Na holda usiweke. Kwenye kioo ndo kabisa. Usiku mwanga wa skrini unapiga kioo kwa ndani, macho yanazoea mwanga, na huku kwetu lori likiharibika halina riflekta, limewekewa matawi ya mti tu barabarani. Matawi yenyewe yameshakauka yana rangi ya lami. Unayaona ukiwa umeshayapanda, na kinachofuata baada ya matawi ni tela la mtu. Unataka holda ya ramani? Ramani ya nini dogo, ukitoka Manyoni barabara ni moja.

Halafu kuna hawa wengine. Sisi tunakaa juu, mtu wa gari ndogo anadhani haonekani, kumbe tunaona mpaka mapajani. Juzi kati Igunga na Nzega kuna IST ilikuwa mbele yangu inapepesuka, inaingia kwangu inarudi, nikajua mgonjwa, nilivoipita naangalia chini jamaa kaegesha simu kwenye usukani anaangalia mpira. Mpira! Na familia ipo nyuma. Nikampigia honi akanitukana kwa mkono ule ambao ndo ulikuwa umebaki kwenye usukani. Bodaboda kachomeka simu ndani ya helmeti, anaongea anacheka, anakata kulia bila kuangalia. Ukimgonga unaambiwa gari kubwa ndo lenye makosa. Sasa na sisi tulio juu na tani 56 gari na mzigo tukiwa nao tunaongea, nani anaangalia barabara? Ng'ombe?

Kwa hiyo sheria ni moja na sina nyingine: simu ya dereva inazimwa, siyo sailenti, INAZIMWA, inaingia droo kabla hujaachia hendibreki, na inawashwa gari ikiwa imepaki hendibreki imevutwa. Sailenti haifai maana ukijua ipo hewani unawaza nani kapiga. Utingo abaki na kitochi, kile cha vitufe, kwa dharura tu. Namba ya kitochi apewe mkeo na mtu mmoja ofisini. Utingo akipokea jibu lake ni "tutakupigia tukipaki", basi, asigeuke kukuuliza wewe "suka wanauliza lita ngapi", maana ukijibu hapo ni yaleyale, umepunguza bluetooth umeongeza utingo. Wangu wa saivi nilimfundisha hivo akadhani nina kichaa, nikamuonesha picha za lile gari, akanyamaza mpaka Manyoni.

Ofisini uwaambie KABLA, siyo ukiwa njiani. Waandikie meseji wala usiwapigie, ili ibaki kwenye maandishi. Mimi huwa naandika "Habari za kazi mkuu, nikiwa naendesha simu itakuwa imezimwa, nitapiga mwenyewe Morogoro, Dodoma, Itigi, Tabora, Kaliua na Uvinza, gari mnaliona kwenye GPS." Watanuna. Wa kwangu huyu mpya alinuna, akasema mbona madereva wengine wanapokea, nikamwambia basi mpe gari mwingine, akanyamaza maana mzigo ulikuwa tayari umepakiwa. Ukiona bosi amekataa kabisa meseji kama hiyo ujue huyo ndo yuleyule atakayeandika "haijawahi" kwenye maelezo, na leseni ni yako siyo yake.

Njia, pita Itigi, ni fupi na lami ipo mpaka Tabora. Usiondoke Tabora jioni hata kama wanakusukuma, ng'ombe na baiskeli za mkaa usiku huzioni na zile hazina taa. Kipande cha Malagarasi mpaka Uvinza waulize madereva waliotoka huko wiki hiyohiyo hali ikoje, hasa kama mvua zimeanza. Wapo wengi Kaliua pale wanapokula. Na hela ya bluetooth kanunue riflekta mbili nzuri na kitochi cha utingo, chenji inabaki. Namba ya hicho kitochi mpe shemeji leo, usisubiri mpaka umeshapakia, maana ukishapakia ofisi haitakuacha hata upumue.