Pennsylvania haimjui mpwa

Shikamoo mzee. Umeuliza kama ukistaafu uhamie Florida, jimbo lisilo na kodi ya urithi, ili nyumba yako ya Pennsylvania, unayotaka kumwachia mpwa, isikatwe kodi hiyo. Kuhama peke yake hakusaidii. Nyumba hutozwa na jimbo ilipojengwa, hata mwenyewe akifia Tampa.

Zile dola milioni 15 ambazo serikali kuu ya Marekani inazisamehe kodi mtu akifariki (kiwango cha 2026) ni habari za matajiri. Sisi wengine tunanaswa na jimbo. Pennsylvania inataka kujua anayerithi ni nani: mume au mke halipi, mtoto asilimia 4.5, ndugu wa tumbo moja 12, wengine wote 15.

Kaka yangu alifariki huko akiwa na miaka 67, hana mke wala mtoto. Mimi naishi jimbo lisilo na kodi ya urithi, nikadhani nimepona. Wapi! Wanaangalia makazi ya marehemu. Baada ya kutoa madeni na gharama za mazishi zilibaki kama dola 180,000, akaunti yake ya kustaafu ikiwemo. Kodi: 21,600. Ukilipa ndani ya miezi 3 unapunguziwa asilimia 5, ila sisi tulikuwa bado tunavutana nani ashike makaratasi, miezi ikapita. Dola 1,080 zikaenda hivihivi, nauli ya mtu kwenda Dar. Bima yake ya maisha haikuguswa.

Wanaokwambia umkabidhi mpwa nyumba sasa, waulize maswali mawili. Ukifariki kabla ya mwaka kuisha? Zawadi hiyo inarudishwa kwenye hesabu, isipokuwa dola 3,000 za kwanza. Na akija kuiuza? Faida itahesabiwa kuanzia bei uliyonunulia wewe, wakati angeirithi ingeanzia thamani ya siku ya kifo.

Njia safi ya Florida ni kuuza kwanza, ukiwa bado unaishi humo, halafu uhame na fedha zako; akaunti ya benki hufuata makazi yako. Lakini umesema mpwa anaishi humo na wanawe, kwa hiyo hiyo sahau.

Imebaki moja. Umemlea tangu darasa la tatu, anakuita baba, ila kwenye fomu yuko sawa na jirani yako: 15. Ukimwasili kisheria, hata kwa umri wake, anakuwa mtoto: 4.5. Wakili atakuandalia karatasi. Kabla hujamwona, mpigie dada yako. Asije akasikia kwa watu kwamba mwanawe amebadilishiwa baba.